Je, Wajua? Umuganda wa Sauti

Kinyarwanda kina zaidi ya saa 2,000 za sauti katika Common Voice, mkusanyo huria wa Mozilla. Kuzisikiliza mfululizo, usiku na mchana, kungekula zaidi ya siku 80!

Waliochangia ni watu wa kujitolea. Mmoja husoma sentensi fupi kwenye simu au kompyuta. Wengine huisikiliza na kupiga kura kama imesomwa sawasawa.

Kampuni ya Digital Umuganda, ya Kigali, ndiyo iliyohamasisha wachangiaji. Jina imeliazima, tena kwa werevu, kwenye kazi ya pamoja inayowatoa wakazi wa mitaa ya jiji hilo, kama Kimironko, majumbani kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majembe na mafagio mkononi.

Ruhusa haiombwi. Mwanafunzi au kampuni kubwa, yeyote huzipakua sauti hizo bure.