Ardhi ya Kitulo Si Bidhaa

Huulizwa: kwa nini uwanda wa Kitulo ubaki maua wakati wafanyakazi wa Njombe na Makambako hawana nyumba? Swali ni la haki, ila limewekwa vibaya. Mfanyakazi wa Makambako hawezi kulala mlimani, mita 2,600, akawahi kazini! Atakayejenga huko ni mwenye fedha za ziada. Nasi tulifuta umilikaji wa ardhi wa milele tangu 1963.

Nyasi zile, hifadhi ya taifa tangu 2005, hunyonya mvua na kuitoa polepole hadi Ruaha Mkuu. Ndiyo maji ya wakulima wa mpunga Usangu na mitambo ya Mtera na Kidatu.

Nyumba zijengwe Makambako kwenyewe, tena za ghorofa, mji usimeze mashamba ya mahindi.