Herufi ya Wali Isiyo na Mchele Ndani Yake

Kwenye vibanda vya chakula vya Kayole, Umoja na Kariobangi, mashariki mwa Nairobi, orodha ya vyakula ni fupi: chapo madondo, mchele ndengu, ugali sukuma. Neno wali ni nadra kulikuta pale. Mtoto wa mtaa analijua kutoka darasani, alikofundishwa kwamba mpunga uko shambani, mchele uko dukani na wali uko sahanini. Akifika nyumbani anamwambia mamake kwamba leo anataka kula mchele, na mamake anamwelewa vizuri kabisa. Walimu wamelisahihisha jambo hili miaka nenda miaka rudi, na mtaa umeendelea kula mchele. Kuna herufi moja ya Kichina inayoweza kutusaidia kulitazama upya. Ni 飯, inayosomwa fàn, na karibu kila anayeifasiri kwa Kiswahili huandika wali. Tafsiri hiyo ina ukweli, lakini imeacha nje sehemu kubwa ya maana, na sehemu hiyo iliyoachwa wakazi wa mitaa hiyo ya Eastlands wanaijua kuliko wanavyodhani.

Kwa mtazamo wa kwanza Kichina na Kiswahili sanifu vinafanana kama mapacha. Mmea wa mpunga ni dào, punje zilizokobolewa ni mǐ, na kilichopikwa ni fàn. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekariri mpunga, mchele, wali hana la kushangaa hapo. Mshangao unaanza akiifungua herufi yenyewe. Sehemu ya kushoto ni 食, ambayo katika maandishi ya kale kabisa, yale yaliyochongwa kwenye mifupa na magamba ya kasa kule Anyang zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ilikuwa picha ya chombo kilichojaa chakula. Maana yake ni chakula au kula. Sehemu ya kulia ni 反, inayosomwa fǎn. Punje, ambayo ina alama yake, 米, haimo. Suke la nafaka, ambalo pia lina alama yake, 禾, halimo. Herufi tunayoambiwa ni ya wali haina hata chembe ya mchele.

Wapo wanaoisimulia hadithi tamu kuhusu hiyo 反. Kwa kuwa peke yake ina maana ya kugeuza, wanasema herufi nzima inaonyesha mkono unaogeuza chakula chunguni, au mlaji anayerudi mezani tena na tena. Hadithi hii inakumbukika, na ndiyo maana inapendwa, lakini haisimami. Sehemu hiyohiyo imo katika herufi ya kufanya biashara, fàn, ya kurudi, fǎn, na ya ubao, bǎn. Ubao haugeuzi kitu chunguni. Kazi ya 反 katika maneno haya ni kuonyesha sauti. Herufi nyingi za Kichina, zaidi ya asilimia 80 kwa makadirio ya kawaida, zimeundwa hivi: upande mmoja unataja kundi la maana, upande wa pili unadokeza matamshi. Mswahili anaweza kuufikiria upande wa kwanza kama anavyofikiria ngeli. Kiambishi m- cha mwembe na mchungwa hakikwambii tunda gani. Kinakwambia uko kwenye miti. Vivyo hivyo 食 haisemi ni nafaka gani iliyopikwa. Inasema tu kwamba hapa ni mahali pa kula. Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake maarufu ya herufi mwaka 100, aliieleza fàn kwa neno lilelile la kula na chakula, bila kutaja nafaka yoyote.

Historia ya mashamba inaeleza kwa nini. Mpunga ulianza kulimwa kusini, katika bonde la mto Yangtze. Lakini maandishi yalikomaa kaskazini, kwenye nyanda za Mto Manjano, na huko chakula cha kila siku kilikuwa nafaka ndogo za jamii ya mawele na wimbi. Aliyesema fàn kule alikuwa akila nafaka hizo zilizopikwa. Masalio yake wengi Nairobi wanayo mfukoni: jina la simu za Xiaomi ni neno la Kichina la nafaka mojawapo kati ya hizo, na ukilivunja linasema mchele mdogo. Hata leo mkazi wa Beijing anaweza kushiba tambi au mkate wa ngano uliopikwa kwa mvuke, na jirani akimuuliza kama amekula fàn atajibu kwamba amekula, wala hatakuwa amesema uongo.

Mtu anaweza kupinga, tena kwa haki, kwamba ukiingia mkahawa wa Kichina na kuagiza fàn utaletewa wali, na kwamba chǎofàn ni wali wa kukaangwa, si mawele. Ni kweli. Kadiri watu walivyozidi kuwa wengi kusini na mpunga ukawalisha wengi zaidi, neno lilielekea kwenye mchele. Lakini maana ya zamani haikufa. Chakula cha asubuhi ni zǎofàn hata kikiwa uji na mayai, na Wajapani, walioichukua herufi hiyohiyo, huuita mlo wa asubuhi asagohan hata mezani pakiwa na mkate mtupu. Zaidi ya hapo, katika mlo wa Kichina fàn inasimama mkabala na cài: mboga, nyama, samaki, kila kinachosindikiza. Kilicho katikati kinashibisha, kilicho pembeni kinatia ladha. Fàn ni jina la cheo kwenye sahani, na mchele ndiye aliyekikalia kwa muda mrefu zaidi.

Sasa turudi pwani yetu, maana neno wali nalo lilipita njia hiyo. Wamijikenda, jirani wa karibu wa Waswahili, wana neno wari, na kwao wari ni sima. Mbali huko Zambia, Wabemba huita ugali wao ubwali. Umbo ni moja, ngeli ni ileile ya ugali, ila nafaka zimebadilika. Mpunga wenyewe ulifika pwani kwa njia ya bahari. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta punje zake Pemba, na huko wameona jinsi mawele yaliyotawala vijiji vya zamani yalivyoupisha mchele baada ya mwaka 1000 hivi. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mti, na kitoweo juu yake. Mgeni mchele alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mwenyeji, na inaelekea alipewa jina la kiti.

Eastlands haikupitia njia hiyo, na hapa ndipo ninapoachana na wanaosema kwamba Kiswahili cha mtaa ni kibovu kwa sababu kinakula mchele. Wengi waliojenga maisha yao Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho walitoka bara, ambako katikati ya sahani palikuwa na mahindi, wimbi au viazi. Mchele ulikuja kama bidhaa ya duka, na jina lake likaja nao: Mkikuyu huuita mũcere, ukiwa mbichi au umeiva. Hata mpunga wa karibu una historia ngumu iliyougusa mtaa. Aprili 1954 wanajeshi wa Uingereza waliizingira Nairobi na kuwazoa maelfu ya watu, na mitaa ya mashariki iliumia sana. Miaka hiyohiyo wafungwa wa vita vya Mau Mau waliokuwa kambini Mwea walichimba mifereji ya yale mashamba yanayotupa pishori, mchele ambao jina lake linatokana na mji wa Peshawar. Leo gunia linashushwa Gikomba na hakuna anayeuliza mfereji ulichimbwa na nani.

Mwalimu atajibu kwamba lugha inayopoteza tofauti inapoteza utajiri, na mfanyabiashara anahitaji kujua anauziwa mpunga au mchele. Nakubaliana naye kwamba tofauti hizo zifundishwe na zihifadhiwe. Ila utajiri wa mtaa usitafutwe mahali usipowekwa. Mwulize mama wa Dandora kuhusu mahindi: atakutajia unga, sembe, uji, githeri, muthokoi, ugali, mahindi ya kuchoma, na hatachanganya hata kimoja. Lugha huongeza majina pale mikono inapofanya kazi kila siku. Kwa mchele, kitenzi kinatosha: unanunua mchele, unaosha mchele, unakula mchele, na hakuna aliyewahi kutafuna punje mbichi kwa sababu ya jina.

Kwa hiyo kama tunatafuta mwenzake fàn katika Eastlands, tusisimame kwenye wali. Mchina aliyepoteza kazi husemwa bakuli lake la fàn limevunjwa, na kazi ya serikali isiyoweza kupotea iliitwa bakuli la chuma. Nairobi aliyefutwa kazi amemwaga unga. Serikali ya Kenya ilipotaka kutuliza gharama ya maisha mwaka wa uchaguzi, 2017, iliishusha pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi hadi shilingi 90, na Julai 2022, uchaguzi mwingine ukikaribia, ikaiweka shilingi 100. Unga ndio uliopimwa kwa kura, kwa sababu unga ndio uliokalia kiti. Wanaojifunza Kichina ni wengi sasa. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na Taasisi ya Confucius tangu 2005, ya kwanza barani Afrika. Atakayeandika kamusi ya Kichina kwa Kiswahili kwa ajili yao aanze fàn kwa kusema ni mlo, kisha nafaka iliyopikwa inayoshibisha, kisha wali. Na kwa msomaji wa Kayole aongeze mfano wa ugali.