Fahamu: Je, kompyuta ya nyumbani inahitaji draivu ya Blu-ray?

Sahani ya DVD yenye tabaka moja hubeba GB 4.7, Blu-ray ya umbo hilohilo hubeba GB 25. Siri ni mwanga: leza yake ya buluu-zambarau ina wimbi fupi kuliko leza nyekundu ya DVD, hivyo husoma alama ndogo zaidi zilizosongamana.

Mwaka 2008 kampuni ya Toshiba ilisalimu amri na kuachana na HD DVD, diski iliyoshindana na Blu-ray, na Blu-ray ikabaki peke yake uwanjani. Lakini watazamaji wakahamia intaneti, na mwaka 2025 Sony ikaacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia.

Kwa hiyo, wengi hawaihitaji. Mwenye rundo la filamu kabatini anunue draivu ya nje ya kuchomeka kwa USB, inatosha.