Je, Wajua? Mbung'o na Baiskeli

Je, wajua kwamba anayeendesha baiskeli kutoka mji wa Mpanda, Tanzania, kwenda kijiji cha Sitalike, kilomita 35 hivi kusini, hasumbuliwi sana na magari bali na mbung'o? Inzi huyu wa misitu ya miombo hufuata kitu kinachotembea, na rangi za bluu na nyeusi humvuta zaidi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Huuma hata juu ya shati, mkorofi kweli. Ukifika Sitalike, utaona viboko wamejazana katika Mto Katuma wakati wa kiangazi. Mbele ya hapo barabara ya Sumbawanga inaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, yenye simba, nyati na tembo. Kwa hiyo, ukiwa Sitalike pakia baiskeli kwenye basi. Na kwa ajili ya mbung'o, uvae kaki, si bluu wala nyeusi.