Goma: Chanjo ya Mpox ilianzia ndani ya yai la kuku

Tarehe 5 Oktoba 2024, waganga mjini Goma, jimboni Kivu Kaskazini, walianza kuchanja watu wa kwanza dhidi ya Mpox. Chanjo ile ilitoka Ulaya kwa ndege, lakini asili yake ni yai la kuku.

Virusi havizaani peke yao. Vinahitaji seli iliyo hai. Zamani watafiti walilazimika kuambukiza wanyama. Mwaka 1931, Ernest Goodpasture na Alice Woodruff, wa chuo kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, walifaulu kukuza virusi vya ndui ya kuku ndani ya yai lenye kifaranga. Yai limefungwa vizuri, ni safi ndani, bei yake ni ndogo, na kifaranga mchanga bado hana kinga ya kupigana na virusi.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Yai huatamiwa kwenye mashine yenye joto kwa siku 10 hivi, wakati kuanguliwa ni siku ya 21. Fundi analimulika gizani: akiona mishipa ya damu na kifaranga akitikisika, yai linafaa. Anapangusa ganda kwa alkoli, anatoboa tundu dogo, anaingiza virusi kwa sindano, kisha anaziba. Baada ya siku 2 au 3, virusi vimekuwa vingi sana. Vile vya jamii ya ndui huacha madoa meupe juu ya utando wa ndani.

Ni juu ya utando huo ndipo virusi vya chanjo ya ndui vilikuzwa mjini Ankara, Uturuki. Baadaye, mjini Munich, Ujerumani, Anton Mayr na wenzake walivihamisha katika seli za vifaranga zaidi ya mara 500. Vikapoteza uwezo wa kuzaana katika mwili wa mtu, lakini vikabaki na uwezo wa kuamsha kinga. Ndivyo vilivyo katika chanjo iliyofika Goma. Haina virusi vya Mpox, kwa hiyo haiwezi kumpa mtu Mpox.

Njia hii ina ugumu wake. Mayai ya sokoni hayafai: mengi hayana mbegu ya jogoo, na kuku wake wanaweza kubeba magonjwa. Yanatakiwa mayai ya kuku wanaofugwa pekee yao na kupimwa kila mara. Chanjo ya homa ya manjano pia hukuzwa katika mayai, na viwanda vyake ni vichache. Kimoja ni Institut Pasteur ya Dakar, Senegal. Mwaka 2016, ugonjwa ulipotoka Angola ukaingia Congo, dozi hazikutosha. Mwezi wa Agosti, zaidi ya watu milioni 7 mjini Kinshasa walipewa moja ya tano tu ya dozi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba hata kiasi hicho kiliamsha kinga.

Si kila chanjo hupitia yai. Ile ya Ebola, iliyotumiwa Beni na Butembo, hukuzwa katika seli za figo la nyani. Lakini kwa chanjo za Mpox na homa ya manjano, yeyote ambaye mwili wake hukataa mayai au nyama ya kuku amwambie muganga kabla ya sindano.