Je, Wajua? Lori Moja, Nchi Mbili, Ukaguzi Mmoja

Je, wajua kwamba ofisa wa forodha wa Tanzania hufanya kazi yake, tena kwa sheria za Tanzania, akiwa kwenye ardhi ya Rwanda? Ndivyo ilivyo Rusumo, wilayani Ngara. Malori ya transiti yanayokatiza Biharamulo na Ngara hayakaguliwi mara mbili mpakani. Linalokwenda Rwanda huvuka daraja la Mto Kagera kwanza, kisha maofisa wa nchi zote mbili hulikagua upande wa pili. Linalotoka Rwanda hukaguliwa upande wa Tanzania. Kituo hicho cha pamoja na daraja jipya vilizinduliwa Aprili 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame. Kabla ya hapo daraja lilikuwa la njia moja, na madereva walipanga foleni mara mbili kwa mzigo uleule. Kwangu mimi, hilo ni miongoni mwa mambo bora ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki imewafanyia wananchi.

Kontena huwa halifunguliwi hovyo. Mlangoni lina lakiri ya chuma yenye namba, na ofisa huilinganisha na namba iliyo kwenye nyaraka. Lakini lakiri nzima si ushahidi wa kutosha: wahalifu wanaojua kazi hung'oa ribiti za komeo, wakafungua mlango bila kuigusa. Kwa hiyo mkaguzi makini hukagua ribiti, akatazama kama zina rangi mpya. Akishuku, hugonga kuta kusikiliza mlio na kupima ndani. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa karibu mita 5.9, ukipata 5.5, huenda kuna ukuta wa bandia na nyuma yake kitu kimefichwa.

Hata namba ya kontena yenyewe hujikagua. Ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa herufi na tarakimu zilizotangulia. Anayebuni namba kichwani mara nyingi hunaswa na hesabu.

Rusumo imewahi kubeba mzigo mzito kuliko bidhaa. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka hapo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi. Walinyang'anywa silaha mpakani, na mapanga yakalundikana kando ya njia. Wenyeji wa Ngara waliwapokea watu wengi kuliko wao wenyewe, na sifa hiyo bado hawajapewa inavyostahili.

Na kama unauza maharage au ndizi, je, wajua kwamba bidhaa zinazotambuliwa kuwa za Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasilia palepale mpakani, zikavuka bila ushuru wa forodha? Kiulizie kwenye dirisha la forodha, Rusumo au Kabanga mpakani na Burundi, kabla hujamlipa mtu wa kukuvushia.