Je, Wajua? Jicho Hupoteza Nguvu Majini

Lenzi sio inayofanya kazi kubwa ya kulenga. Takriban theluthi mbili ya kazi hiyo hufanywa na konea, ngozi angavu iliyo mbele kabisa ya jicho.

Konea hupinda mwanga unaotoka hewani. Majini, mwanga hupita karibu bila kupinda, na kila kitu huwa ukungu. Miwani ya kuzamia hurudisha hewa mbele ya jicho, basi.

Watoto wa Wamoken, jamii ya wavuvi wa Bahari ya Andaman, hupiga mbizi bila miwani na kuokota kombe wadogo sakafuni mwa bahari! Mwaka 2003, Anna Gislén wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na wenzake walieleza siri yao: wakiwa chini ya maji, watoto hao hubana mboni hadi chini ya milimita 2, huku lenzi ikijivimbisha kwa nguvu zake zote. Baadaye watoto wa Ulaya walifundishwa, nao wakaweza.

Tundu dogo husaidia hata nchi kavu. Asiyeona mbali akichungulia kupitia karatasi iliyotobolewa kwa sindano, maandishi yaliyofifia hukolea, kwa kuwa miale iliyotawanyika huzuiwa nje.

Lenzi nayo hukakamaa kadiri umri unavyosonga. Kuanzia miaka 40 hivi, misuli hujikaza bure, lenzi haivimbi tena ipasavyo. Ndipo mtu huanza kusoma ujumbe wa simu akiwa amenyoosha mkono.